Ngurunga za Taru

Basi linaloondoka Mombasa alfajiri hufika Taru kabla abiria hawajamaliza mahamri waliyofungiwa nyumbani. Mariakani imekwisha kupita na foleni yake ya malori, Samburu imepita, na pande zote mbili za barabara umebaki msitu mfupi wa kijivu, mbuyu mmoja hapa na mwingine kule, na mbuzi. Ni wachache wanaoshuka hapo, na wengi wao ni wenyeji. Utingo hugonga bodi mara mbili, na Taru inabaki nyuma.

Katika karne ya 19 hakuna kituo cha njia hii kilichotajwa kwa hamu na kwa hofu kama hiki. Hamu ilikuwa ya kufika, hofu ya kuondoka. Mtu aliyetoka pwani kwenda Uchagani, Ukambani au nchi ya Wamasai alijua kwamba Taru ndipo atakapokunywa kwa mara ya mwisho kabla ya Maungu, na kati ya Taru na Maungu ni zaidi ya kilomita 50 za nyika isiyo na kijito wala kisima. Na hayo maji ya Taru yenyewe hayakuwa ya mto. Yalikuwa maji ya mvua yaliyolala ndani ya jiwe.

Mashimo hayo huitwa ngurunga. Wazungu waliopita hapo waliliokota neno hilo kutoka kwa wapagazi wao wakaliingiza vitabuni, kila mmoja kwa tahajia yake, kwa kuwa katika lugha zao hawakupata neno lililotosha. Ngurunga haina chemchemi chini yake wala haikuchimbwa na mtu. Ni bakuli lililomo katika uso wa mwamba, jingine la kina cha kiganja, jingine la kumeza mtu mzima hadi kifuani. Mwamba wa Taru ni jiwe la mchanga mgumu, wa chembe kubwa zilizoshikamanishwa, sehemu ya matabaka ya kale sana ambayo wanajiolojia wameyapa jina la Waduruma, wenyeji wa nchi hiyo. Mvua ikinyesha, maji hukaa katika kibonde kidogo cha mwamba na kulegeza chembe moja moja. Jua likikausha, upepo huondoa ule mchanga uliolegea. Msimu ujao maji yanakuta kibonde kimeongezeka kidogo. Kokoto zinazozungushwa na mafuriko husaga kuta, wanyama wanaokuja kunywa hukwangua kingo kwa kwato, na binadamu akichota tope la mwisho wakati wa kiangazi huwa amelisafisha bakuli bila kujua. Kazi hiyo imeendelea kwa maelfu ya miaka, na misafara ilipoanza kupita ilikuta matangi tayari.

Nchi inayozunguka mwamba huo iliitwa jangwa na wageni, na ramani nyingi bado zinaandika Jangwa la Taru. Watu wa pwani waliiita nyika, na mimi naona wao ndio waliosema kweli. Mvua huko hunyesha, masika na vuli, ila haina mwaka wa kuaminika, na ikinyesha ardhi huimeza au jua huirudisha juu. Miti ipo tele, lakini ni miti inayojua kungoja. Hukaa miezi mikavu bila jani hata moja, matawi ya kijivu yamesukana na miiba, kisha siku chache baada ya mvua ya kwanza yote ni kijani. Msafiri aliyepita Mei na aliyepita Septemba wangeweza kubishana kama walipita nchi moja.

Wa kwanza kuzijua ngurunga hizo hawakuwa wasafiri. Waata, wawindaji wa tembo wenye upinde mzito na mishale ya sumu, waliishi ndani ya nyika hiyo na kuyajua maji yake yote, hata yale yaliyojificha katika uvungu wa mbuyu. Waduruma walilisha mifugo yao na kulima ukingoni mwake. Kisha kulikuwa na Wakamba. Katika miaka ya 1840 misafara yao ya mamia ya watu iliteremka kutoka Ukambani na pembe za ndovu hadi karibu na Mombasa, na tayari tangu njaa ya 1836 baadhi yao walikuwa wamehamia na kujenga karibu na Rabai. Waswahili wa Mombasa nao walipanda, wakifuata pembe hizo hizo hadi Uchagani. Kwa hiyo tukisikia kwamba mtu fulani kutoka Ulaya "alifungua" njia hii, tukumbuke kwamba alionyeshwa mahali pa kunywa na watu ambao babu zao walikunywa hapo.

Majina ya vituo yenyewe yalikuwa ni maelezo ya maji. Baada ya Rabai na vilima vya pwani ulifika Maji ya Chumvi, na jina hilo halihitaji kufafanuliwa: yapo, lakini usitarajie utamu. Mbele yake Samburu, kisha Taru. Kwa msafara wenye mizigo hiyo ilikuwa kazi ya siku tatu hivi kutoka Rabai, na hadi hapo mtu angeweza kulalamika lakini hakufa. Baada ya Taru hesabu ilibadilika.

Tuipige hesabu hiyo kama alivyoipiga mnyapara, jioni ya kufika, akiwa ameinama juu ya ngurunga na fimbo mkononi kupima kina. Ana watu 300. Kila mmoja akinywa na kupikia lita nne tu, ni lita 1,200 kwa usiku mmoja. Kesho kila mmoja ataondoka na kibuyu chake kimejaa, tuseme lita mbili, hizo ni 600 zaidi. Mbele yake umepita msafara mwingine juzi. Nyuma yake kuna mwingine. Ngurunga ya juu, iliyo kubwa, imebaki na maji ya rangi ya chai ya maziwa yenye viluwiluwi. Zile ndogo zina tope. Jambo la kwanza analolifanya ni kuweka askari. Wakiachwa wajihudumie, watu wenye kiu watajitupa ndani, watavuruga tope la chini, na maji yaliyokuwa yanatosha watu 300 yatakuwa uji usionyweka na mtu. Kwa hiyo wanakaa foleni. Anayechota huchota kwa kata, polepole, kutoka juu, na kumimina ndani ya kibuyu kupitia kipande cha merikani ili viluwiluwi na majani yabaki juu ya kitambaa.

Mizigo haikuwa midogo. Mpagazi alibeba frasila mbili, kama kilo 30 na kitu: jora za merikani, shanga, waya wa shaba, au pembe wakati wa kurudi. Juu ya hizo aliweka mkeka wake, sufuria ya kula pamoja na wenzake, posho ya siku kadhaa, na kibuyu. Maji ndiyo yaliyokuwa uzito wa mwisho kuongezwa, na kwa mtu asiye na uzoefu ndiyo yaliyokuwa ya kwanza kumalizika. Mgeni wa safari alikunywa njiani kila alipohisi kiu. Mzoefu alisukutua kinywa, akameza kidogo, akafunga kibuyu.

Watu wa misafara walikuwa na neno la mwendo wa namna hii: telekeza. Leo tunalisema neno hilo kwa mzazi anayewaacha watoto wake. Wao walilisema walipotaka kuvuka pasipo na maji kwa siku moja. Kuteleka ni kuweka chungu motoni, na telekeza ya msafara ilianza na chungu kweli. Watu walipika na kula adhuhuri pale pale majini, wakanywa hadi tumbo likawa ngoma, wakajaza vibuyu, wakaondoka jua likiwa bado kali. Walitembea alasiri yote hadi giza. Walilala popote usiku ulipowakutia, bila maji na bila kupika, wakaondoka tena kabla ya alfajiri ili wafike kwenye maji mengine siku hiyo. Ukiondoka asubuhi utapigwa na majua mawili mazima kati ya kunywa na kunywa. Ukiondoka adhuhuri unapigwa na nusu mbili, na sehemu ya njia unaila gizani. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita hapo mwaka 1883 akiwa na umri wa miaka 25, aliliandika neno hilo mara nyingi katika kitabu chake kuhusu nchi ya Wamasai, na ni dhahiri kwamba kila alipoliandika miguu yake ilikumbuka.

Na Maungu ilikuwa na hila yake. Ni mlima, unaonekana kwa mbali, na mtu aliyeondoka gizani akiuona umekaa mbele yake alfajiri alifikiri amefika. Hakuwa amefika. Maji ya Maungu yako juu, katika mashimo ya mwamba, na kuyapata ni kupanda ubavu wa mlima kwa miguu ile ile iliyokwisha kuchoka. Waliokuwa na nguvu walitua mizigo, wakapanda, wakanywa, kisha wakateremka na vibuyu vilivyojaa na kurudi nyuma njiani kuwatafuta wenzao walioanguka. Katika vitabu vya wasafiri sehemu hii huwa fupi. Mwandishi husema aliagiza watu wapeleke maji nyuma, halafu anaendelea na habari za kesho. Mimi husimama hapo kila mara. Mtu ametoka Taru jana mchana, amebeba kilo 30, amefika hai, amepanda mlima, amekunywa. Sasa anarudi katika jua lile lile, kwa hiari yake au kwa fimbo ya mnyapara, kumnywesha mtu ambaye labda alijuana naye Rabai tu. Majina ya watu hao hayamo vitabuni.

Machache yamo. Bwana Kheri ni mmoja. Yeye alikuwa kiongozi wa misafara, na ndiye aliyempeleka mmisionari Johannes Rebmann. Rebmann alifika Rabai mwaka 1846 kujiunga na Ludwig Krapf, na Oktoba 1847 akavuka nyika hadi mlima Kasigau. Mwisho wa Aprili 1848 aliondoka tena kwenda Uchagani, na safari hii kikundi chote hakikuzidi watu kumi. Walikwenda wepesi, mzungu mwenyewe akiwa na mwavuli mahali pa bunduki. Tarehe 11 Mei aliona wingu jeupe juu ya mlima ambalo halikuondoka, akatambua kuwa ni theluji. Wasomi wa London waliibishia habari hiyo kwa miaka. Watu wa pwani waliokwisha kwenda Uchagani waliujua mlima huo zamani, na maelezo yao juu ya kile cheupe kilichokuwa kileleni yalikuwa ya kila namna. Kikundi kidogo kilikuwa na faida moja ambayo Bwana Kheri aliielewa: watu kumi hawawezi kumaliza ngurunga.

Krapf mwenyewe alijifunza maana ya kiu mahali pengine katika nyika hiyo hiyo, kaskazini zaidi. Mwaka 1851 alikuwa safarini kuelekea mto Tana pamoja na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Wakamba wa Kitui, walipovamiwa. Kivoi aliuawa. Krapf alikimbia peke yake msituni, akafika mtoni usiku, akanywa, kisha akabaki na tatizo la kila msafiri wa nyika: maji ninayo, nitayachukulia ndani ya nini? Hakuwa na kibuyu. Alijaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake, na mengine akayatia ndani ya mitutu ya bunduki na kuiziba kwa majani. Akiba hiyo haikumfikisha mbali. Aliyemwokoa baadaye ni nyani. Alisikia kelele zao, akafuata sauti, na kwenye mkondo mkavu akakuta shimo walilolichimba mchangani kwa mikono yao, na ndani yake maji.

Miaka ya 1880 njia ilijaa. Thomson alipoondoka Machi 1883, mkuu wa wapagazi wake alikuwa Manwa Sera, aliyekwisha kuvuka bara zima pamoja na Stanley, na msaidizi wake alikuwa James Martin, baharia wa Malta. Mwaka uliofuata ukaja ukame. Njaa ya 1884 na 1885 iliwatesa Wataita vibaya, na wengi wakateremka pwani kwa njia hii hii ya Maungu na Taru. Fikiria maana yake: ngurunga hujazwa na mvua ile ile inayokuza mahindi. Mwaka wa njaa ndio mwaka ambao mwamba nao ni mkavu, na ndio mwaka ambao watu wengi zaidi wanaukimbilia.

Julai 1885 Askofu James Hannington aliondoka Rabai na msafara mkubwa kwenda Buganda kwa njia ya Umasaini, akitafuta njia fupi kuliko ile ya kusini mwa Ziwa Victoria. Pamoja naye alikuwa William Jones, mtu mwenye historia iliyostahili kitabu chake. Jones alizaliwa Myao, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasomeshwa Nasik huko India, kisha akaletwa Rabai na kuwa mchungaji. Walivuka Taru, wakapita Taita, Kikuyuni, hadi Kwa Sundu, mahali tunapopaita Mumias. Hapo Hannington alimwacha Jones na sehemu kubwa ya msafara, akaendelea na watu 50 hadi Busoga, na mwisho wa Oktoba akauawa pamoja na wengi wao kwa amri ya Kabaka Mwanga. Jones alisubiri. Habari zilipomfikia kwa uhakika alikusanya waliosalia akaanza kuwarudisha nyumbani, miezi ya njia nzima, akiwa na dhamana ya watu wenye njaa na waliokata tamaa. Mbele ya safu walibeba bendera ya buluu ambayo juu yake lilishonwa neno moja kwa herufi nyeupe: Ikabodi, jina la mtoto katika Biblia aliyezaliwa siku utukufu ulipoondoka katika Israeli. Walifika Rabai Februari 1886. Hatua yao ya mwisho ngumu, kabla ya kunusa upepo wa bahari, ilikuwa kipande kile kile cha Maungu na Taru, safari hii kwa kurudi.

Mtu atauliza kwa nini hawakutumia wanyama. Walijaribu. Nyika hiyo ina mbung'o, na punda, ng'ombe na farasi waliopitishwa humo walikonda na kufa, baadhi kabla ya kufika Voi. Hilo ndilo lililofanya mgongo wa binadamu uwe chombo pekee cha uchukuzi, na mgongo wa binadamu hunywa kila siku. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, iliyopata hati yake mwaka 1888, ilianza mwaka 1890 kukata barabara ya magari ya ng'ombe kutoka Mombasa kwenda Kibwezi, kwa gharama ya mwenyekiti wake, William Mackinnon. Barabara ilikatwa. Ng'ombe wa kuyakokota magari ndio waliokuwa shida. Kilichobaki hadi leo ni jina: mji mdogo baada ya Taru unaitwa Mackinnon Road, na bila shaka ni miongoni mwa miji michache duniani iliyoitwa barabara.

Kisha ikaja reli. Mwaka 1892 Kapteni Macdonald na timu yake walipima njia, na mwaka 1896 ujenzi ukaanza Mombasa chini ya mhandisi George Whitehouse. Kabla ya kufikia simba wa Tsavo, ambao kila mtu anawajua, wajenzi walilazimika kuvuka Taru, jambo ambalo halikutengenezewa filamu. Ngurunga zilizowanywesha Bwana Kheri na watu wake hazikuwa na maana yoyote kwa kambi ya maelfu ya wafanyakazi, wengi wao waliotoka Punjab. Maji yaliletwa kwa treni, ndani ya matangi, kutoka nyuma hadi mahali reli ilipoishia siku hiyo. Treni ikichelewa kambi nzima ilikauka. Na injini ya mvuke yenyewe hunywa kuliko msafara wowote wa Thomson, kwa hiyo sehemu ya maji yaliyobebwa ilitumika kuyabeba. Mwaka 1897 reli ilikata nyika yote, na Desemba mwaka huo abiria waliweza kupanda treni hadi Voi. Desemba 1901 ikafika Ziwa Victoria. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India katika kipindi hicho. Karibu 2,500 walikufa.

Mmoja aliyezikwa nyikani ni Sayyid Baghali Shah. Kaburi lake liko Mackinnon Road, kandokando ya reli, ndani ya msikiti ambao madereva wa masafa na abiria husimama kuswali na kutoa sadaka. Husimuliwa kwamba alipokuwa akifanya kazi ya reli, karai lake la udongo halikumgusa kichwa bali lilielea juu yake. Mimi sina la kuongeza juu ya karama. Naona tu kwamba katika njia ambayo kila kitu kilipimwa kwa uzito uliokaa juu ya kichwa cha mtu, hadithi iliyosalimika ni ya mtu ambaye mzigo wake haukumgusa.

Baada ya reli, misafara ilikufa haraka. Mpagazi wa Mombasa aliyekuwa akivuka Taru mara mbili kwa mwaka alitafuta kazi bandarini au akapanda treni kama abiria. Ngurunga zilirudi kwa Waduruma na mbuzi wao. Vita vya 1914 vilizikumbusha kidogo: vikosi vidogo vya Wajerumani vilitoka upande wa Kilimanjaro, vikivuka nyika usiku na baruti za kulipulia reli, na kwao ramani ya maji ilikuwa siri ya kijeshi sawa na idadi ya bunduki. Desemba 1915 waliukamata Kasigau, mlima ule ule wa safari ya kwanza ya Rebmann, na sababu kubwa ya kuutaka ilikuwa ni kupata mahali penye maji pa kuanzia mashambulizi. Baada ya vita vya pili Waingereza walijenga ghala kubwa la jeshi Mackinnon Road, wakaliacha, kisha wakaligeuza kuwa kambi ya kuwafungia watu wa Mau Mau. Hiyo ni habari nyingine, na nzito. Itoshe kusema mahali pale nyika yenyewe ilikuwa ukuta.

Katika miaka ya 1950 maji yalipita Taru kwa namna ambayo hakuna mnyapara angeiota. Chemchemi za Mzima, zilizo Tsavo Magharibi, hutoa maji safi ambayo ni mvua ya vilima vya Chyulu iliyochujwa na mawe ya volkeno. Bomba lililazwa kutoka huko hadi Mombasa, zaidi ya kilomita 200, na katika sehemu kubwa linafuata njia ile ile: Voi, Maungu, Mackinnon Road, Mariakani. Kwa mara ya kwanza maji mengi kuliko yote yaliyowahi kunywewa na misafara yote yakawa yanapita chini ya miguu ya mtu wa Taru kila siku, mwaka mzima, yakielekea mjini. Mwaka 2017 reli mpya ikaongezwa kando ya ile ya zamani, na treni yake huvuka nyika yote kwa muda ambao mpagazi aliutumia kupanga foleni ya maji.

Wanaoishi Taru na vijiji vya Kinango bado wanahesabu miezi kwa mvua. Wamechimba malambo, wanakinga maji ya paa, na kiangazi kikizidi akina mama hutoka na madumu ya lita 20, ambayo kila moja likijaa lina uzito wa kilo 20 na zaidi, kichwani, kwa miguu. Mawili kati ya madumu hayo yanapita mzigo wa mpagazi.

Ukibahatika kupita hapo baada ya mvua za vuli na dereva akakubali kusimama, muulize mzee yeyote wa Kiduruma akuonyeshe mwamba. Usichokoze maji kwa mkono, wala usitupe jiwe ndani kupima kina. Kuna mifugo inayoyategemea.